Ndege wenye paspoti, na watu wanaowahesabu

Najua nimepotea kidogo. Zamu za usiku zilinibana, na siku ya mapumziko ikifika nalala kama gogo. Nyote mlioandika kuulizia bei ya dhahabu na simu, mtanisubiri hadi wiki ijayo. Leo nivumilieni, maana baadhi yenu mtasema huyu binti jangwa limemchanganya: nataka kuwasimulia habari za ndege. Sisemi ndege za abiria. Nasema kozi, tai na mwewe, wanaopita huku kila mwaka kati ya mwisho wa Agosti na Novemba wakielekea huko kwetu, na historia ya watu wanaokaa kuwasubiri.

Kwetu Tanga ndege mwenye kucha alikuwa na kesi moja tu, vifaranga. Bibi akisikia kuku anapiga kelele uani anatoka na ufagio, na sisi watoto nyuma yake tunapiga masufuria. Jina lilikuwa moja, mwewe. Hakuna aliyeuliza ni mwewe gani wala amezaliwa wapi. Nimekuja kujua huku, nikiwa na miaka thelathini na ushee na shahada ya uuguzi mfukoni, kwamba baadhi ya wale tuliokuwa tukiwatishia ufagio walikuwa wageni kama nilivyo mimi hapa. Wamezaliwa Kazakhstan, Urusi, Mongolia, na wanakuja Afrika kukimbia baridi.

Wenyeji wa Ghuba walilijua hilo zamani sana, kwa sababu lilihusu chakula. Kuna nyota wanaiita Suhail. Wazee wetu wa majahazi nao waliijua, wakaiita Suheli. Inaanza kuonekana huku alfajiri karibu na tarehe 24 Agosti, na ikionekana watu wanashusha pumzi, joto lile la kuua linaanza kukatika. Kwa mtegaji ilikuwa na maana nyingine pia: kozi wako njiani. Mtegaji anakwenda pwani au kwenye mchanga wazi, anachimba shimo, anajifunika vichaka, na nje anamfunga njiwa kwa uzi mrefu. Kozi akimkamata njiwa hataki kumwachia, basi uzi unavutwa polepole hadi mkono unafika. Siku nyingi alirudi na mchanga masikioni tu.

Waliomtaka hasa ni wawili. Kuna yule mkubwa wa nyika wanayemwita hurr, na yule mwenye mbio wanayemwita shahin. Akishanaswa anafundishwa kwa wiki chache. Anafunikwa macho kwa kofia ndogo ya ngozi (wanaiita burqa, msicheke), anabebwa mkononi mchana na usiku, analishwa mkononi, hadi azoee sauti ya mtu mmoja. Halafu majira yote ya baridi anawinda sungura na tandawala wa jangwani, hubara kwa Kiarabu. Kumbukeni hii ni nchi ambayo kabla ya mafuta watu waliishi kwa tende, samaki na maziwa ya ngamia. Hubara mmoja alikuwa sherehe. Msafiri Mwingereza Wilfred Thesiger, aliyemtembelea Sheikh Zayed mwishoni mwa miaka ya 1940, aliuandika uwindaji huo katika kitabu chake Arabian Sands kilichotoka mwaka 1959.

Majira ya kuchipua yakifika, wengi walimfungua kozi na kumwachia aende zake. Kumlisha wakati wa kiangazi kulikuwa gharama, na joto lingemuua. Mwaka unaofuata Suheli inatokea, wanaanza upya na kozi mwingine. Mimi naliona ni jambo la haki. Ndege alikuwa mkopo, na mkopo ukirudishwa.

Mafuta yakabadilisha hesabu. Dubai iliyapata mwaka 1966, Abu Dhabi ilikuwa tayari inasafirisha tangu 1962. Watu wakapata magari, wakapata viyoyozi vya kumtunza kozi hata Julai, wakapata fedha za kumnunua badala ya kulala shimoni. Kozi aliyekuwa mkopo akawa mali. Kisha mwaka 1991 Umoja wa Kisovieti ukavunjika, na nchi za Asia ya Kati walikozaliwa hao hurr zikabaki na watu wengi wasio na kazi na mipaka isiyo na walinzi. Watu wakawatega hukohuko kwenye viota na njiani, wakawaleta Ghuba. Si utegaji peke yake uliowapunguza, nguzo za umeme nazo zinawaua wengi sana. Lakini utegaji ulichangia, na hurr leo yumo kwenye orodha ya dunia ya ndege walio hatarini.

Watawala wa huku hawakukaa kimya, hilo tuwape haki yao. Mwaka 1995 Sheikh Zayed alianzisha mpango wa kuwaachia kozi porini kila mwisho wa msimu, kama zamani, na tangu hapo wameachiwa zaidi ya 2,000 katika nchi kama Pakistan, Iran, Kyrgyzstan na Kazakhstan. Wengi wa wanaowindia sasa ni kozi waliozalishwa kwenye vituo. Na tangu 2002 kozi wana paspoti. Paspoti kabisa! Kijitabu chenye namba ya pete yake ya mguuni, kinadumu miaka mitatu, kinagongwa muhuri mpakani. Kozi anapanda ndege akiwa mkononi mwa bwana wake, na mimi hapa nahangaika na viza yangu.

Hospitali wanazo pia. Ya Dubai ilianzishwa mwaka 1983 na ya Abu Dhabi ilifunguliwa 1999, na hiyo ya Abu Dhabi inaruhusu wageni, kwa hiyo nilikwenda na wenzangu wawili wa wodini. Jamani. Chumba cha kusubiria kina kozi wamekaa mstari juu ya viti vyao vya nyasi bandia, wamefunikwa macho, kimya kuliko wagonjwa wetu. Anapoingia kutibiwa anavalishwa barakoa ndogo ya dawa ya usingizi, ileile ya kuvuta tunayotumia kwa binadamu. Makucha yanakatwa na kusuguliwa kwa mashine. Ugonjwa mkubwa ni vidonda vya nyayo kwa ajili ya kukaa sana sehemu moja. Sisi wauguzi tukatazamana: ni vidonda vya mgonjwa asiyegeuzwa kitandani! Na unyoya ukikatika, wana kabati lenye manyoya yaliyoanguka kwa kozi wengine, yamepangwa kwa aina na ukubwa. Wanachagua linalofanana, wanalipachika kwa kijiti na gundi kwenye shina la lile lililokatika. Ndege anaondoka mzima.

Haya, hao ndio wasubiri wa kwanza, wanaosubiri ili kukamata. Sasa niwaambie kuhusu wasubiri wa pili, ambao ndio hasa walionifanya niandike. Hawa wanasubiri ili kuhesabu.

Kazi hii kama tunavyoijua ilianzia mbali, Pennsylvania, Marekani. Kulikuwa na mlima ambao kila vuli wanaume walipanda na bunduki kuwapiga mwewe wanaopita, wakiwaacha wanaoza chini. Mwaka 1934 mama mmoja wa New York, Rosalie Edge, akaukodi mlima wote, akaweka mlinzi jina lake Maurice Broun. Broun alifunga njia kwa wenye bunduki, na kwa kuwa alikuwa pale kutwa nzima, akaanza kuhesabu. Ndiyo mwanzo wa Hawk Mountain. Miaka kadhaa baadaye daftari lake lilionyesha kwamba tai wachanga wanazidi kupungua, wakubwa wapo ila watoto hawaonekani. Rachel Carson alipoandika kitabu chake juu ya madhara ya DDT, kilichotoka 1962, hesabu za mlima ule zilikuwa sehemu ya ushahidi. Bila daftari lile kungekuwa na wazee wachache tu wanaosema "zamani tai walikuwa wengi," na nani huwasikiliza wazee wanaosema zamani?

Upande wetu wa dunia siri iko kwenye hewa ya moto. Tai ni mzito, akipiga mabawa safari nzima atakufa njiani. Kwa hiyo anatafuta mahali ardhi imepata joto, hewa inapanda, naye anazunguka ndani yake bila kupiga bawa hadi juu kabisa, halafu anateleza kwenda mbele mpaka penye hewa nyingine. Juu ya bahari hewa hiyo haipandi hivyo. Ndiyo maana tai anakwepa bahari, na kama lazima avuke, atavukia penye wembamba. Kutoka Uarabuni kwenda Afrika wakati wa vuli, pembamba ni Bab el Mandeb, kati ya Yemen na Djibouti, ambako bahari ina upana wa takriban kilomita 30.

Mwaka 1987 Waingereza wawili, mume na mke, Geoff na Hilary Welch, walikwenda upande wa Djibouti wakakaa kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa Novemba wakitazama juu. Walihesabu ndege wawindaji karibu robo milioni. Tai wa nyika peke yao walizidi 76,000. Fikirieni, uwanja wa Taifa pale Dar es Salaam umejaa, watu wote wamesimama, na bado tai wamebaki nje. Kabla ya hapo ilijulikana tu kwamba ndege wanapita pale. Baada ya pale dunia ikajua kwamba moja ya njia kubwa kabisa za ndege hawa iko kwenye mlango wa Bahari ya Shamu, juu ya vichwa vya wavuvi na wachungaji ambao hakuna aliyewahi kuwauliza.

Dubai haina mlango wa namna hiyo, nisiwadanganye. Huku wanapita wametawanyika, na kuwahesabu ni kazi ya kuzunguka na kuchungulia. Kundi la wapenda maumbile la Dubai lilianza mwaka 1986, na mmoja wa waliokuwa wakihesabu, Colin Richardson, aliandika kitabu cha ndege wa nchi hii kilichotoka 1990. Wengi walikuwa watu wa kazi nyingine, waliotoka Ijumaa na darubini na chupa ya maji. Walipita kwenye mashamba ya majani yanayomwagiliwa maji yaliyosafishwa ya mji, maana jangwani penye kijani ndipo mgeni atakapotua. Kila kitu wakaandika, tarehe, mahali, idadi.

Mimi huenda Ras Al Khor. Ni mwisho wa ule mkono wa bahari wa Dubai ambako majahazi yaliegesha kabla ya kungoja kaskazi waje kwetu. Pana mikoko na matope, na tangu 2007 pamo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za dunia. Watalii wanakuja kuwaona heroe, ndugu wa wale wa Ziwa Natron. Kuna vibanda vya mbao vya kujificha, hulipi kitu. Lakini ukikaa kimya kuanzia Oktoba utaona heroe wote wanainuka ghafla, na hapo tazama juu: ni tai mwenye madoa, mweusimweusi, amekuja kukaa baridi yote, na nyuma yake Burj Khalifa. Nilimkuta pale bwana mmoja mtu mzima, mwenye darubini ya miguu mitatu na kifaa cha kubonyeza kwa kidole gumba, akanifundisha.

Kuhesabu si kama mnavyodhani. Ndege wakiwa wanazunguka kwenye hewa ya moto usiwahesabu, utahesabu mmoja mara tano. Subiri wafike juu, waanze kutoka mmoja mmoja kwa mstari, hapo ndipo unawakata kwa makumi. Mmoja anaita, mwingine anaandika. Kila saa unafunga mstari na kuanza mwingine, unaandika upepo, mawingu, joto. Usipoona kitu saa nzima unaandika sifuri, na sifuri ile ni muhimu kama elfu. Nilicheka, maana ni chati yetu ileile ya wodini. Mgonjwa akiwa na shinikizo la kawaida saa nne, saa tano, saa sita, unaandika tu, hakuna anayekupigia makofi. Siku linaposhuka ndipo daktari anataka kuona zile saa zote ulizoandika bila sababu.

Mtauliza, ina faida gani? Nitawajibu kwa dawa ambayo kila mmoja wenu anayo nyumbani. Diclofenac. Mama anaitumia kwa goti. Miaka ya 1990 mtafiti Vibhu Prakash aliona kwamba tai mzoga kwenye hifadhi ya Keoladeo, India, wanapungua, na aliona hivyo kwa sababu walikuwa wamehesabiwa tangu miaka ya 1980. Wakatafuta virusi, wakatafuta sumu za shambani. Mwaka 2004 Lindsay Oaks na wenzake, waliofanya kazi Pakistan, wakapata jibu: ng'ombe waliopewa diclofenac wakifa na tai wakila mzoga, figo za tai zinaharibika na anakufa ndani ya siku chache. India, Pakistan na Nepal zilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006, na ikaonyeshwa kwamba meloxicam inafanya kazi ileile bila kuwadhuru. Lakini tayari aina moja ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 99. Mwaka 2014 ikaripotiwa kwamba hata tai wa nyika, wale wa Djibouti, wamekutwa India wamekufa na dawa hiyo mwilini. Niliposoma hayo nilikuwa zamu ya usiku na nilikuwa nimetoka kumpa mgonjwa sindano yake ya diclofenac. Niliitazama ile chupa muda mrefu.

Na tai wa nyika hawako vizuri. Eilat, kule Israel, mwaka 1985 walihesabiwa wapatao 75,000 wakirudi kaskazini. Miaka iliyofuata idadi ikashuka sana, na tangu 2015 wamo kwenye orodha ya walio hatarini. Wasafiri hawa wana nchi nyingi za kufia. Anaweza kuponea nguzo za umeme Kazakhstan akaja kula mzoga uliotiwa sumu kwetu.

Kwetu ndiko ninakotaka kufika. Mwaka 2008 Mamlaka ya Mazingira ya Abu Dhabi ilimfunga kifaa cha setilaiti kozi mmoja wa kijivu, aina inayozaa visiwani mwa Ghuba mwisho wa kiangazi ili vifaranga wake wale ndege wadogo wanaohama. Wakampa jina Ibn Battuta. Wengine mnalijua jina hilo shuleni, yule msafiri aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Kozi huyu alifika Madagascar kwa siku zipatazo 13, na njiani alipita Ethiopia, Kenya, Tanzania na Msumbiji. Alipita juu yenu, wapendwa! Huku watu walikuwa wanamfuatilia kwenye kompyuta, na huko pengine kuna mtoto alimuona akasema mwewe huyo, fungieni vifaranga.

Kenya wamefanya kazi ya maana. Miaka ya 1970 watu waliendesha gari barabarani wakihesabu kila ndege mwindaji waliyemuona. Baadaye, kati ya 2003 na 2020, barabara zikapitiwa tena. Darcy Ogada na wenzake walipolinganisha, katika matokeo waliyoyatoa 2022, kati ya aina 22 walizozipima 19 zilikuwa zimepungua. Sisi Tanzania tunao mradi wa atlasi ya ndege ulioanza miaka ya 1980, lakini nchi ni kubwa na macho ni machache. Mimi hapa Dubai nampigia tai hodi asubuhi, anavuka Bab el Mandeb, anashuka, na akishafika kwetu ni kama mgonjwa aliyehamishiwa wodi isiyo na chati.

Basi nina ombi. Mvua za vuli zikinyesha na kumbikumbi wakatoka, msiangalie chini tu na mabeseni (najua mtayajaza, na mimi sitapata hata kijiko). Angalieni juu. Kumbikumbi ni chakula cha tai wa nyika na cha kozi wadogo wanaotoka Siberia na China, wanaovuka Bahari ya Hindi bila kutua. Wale ambao mwaka 2012 walinaswa kwa nyavu makumi ya maelfu huko Nagaland, India, na mwaka uliofuata wanakijiji wakaacha kabisa. Mkiwaona hesabuni, na muandike tarehe, saa, mahali na idadi. Shemeji, wewe una ile darubini ya marehemu mzee, itoe kabatini. Mjomba wa Lushoto, wewe uko mlimani, una nafasi nzuri kuliko sisi wote. Mkikosa kuona andikeni sifuri, mnitumie na hiyo. Nitaziweka zote kwenye daftari moja na zangu za Ras Al Khor.

Mama, goti likiuma usinywe dawa bila kula, na usiimwage dawa iliyobaki kwenye chakula cha mbuzi. Nitapiga simu Jumapili baada ya zamu.